Leseni ya Askari: Wakuu wa Polisi na Utungaji wa Sheria Nchini Marekani

Tunapojifunza habari za dola tumezoea kuwataja polisi pamoja na jeshi, mahakama na magereza, kisha tukapita. Swali la nani anampa mtu ruhusa ya kuwa polisi, na nani anaweza kumnyang'anya ruhusa hiyo, huachwa kana kwamba jibu lake liko wazi. Makala hii inalichukua swali hilo na kulitazama katika nchi moja, Marekani, kwa sababu ni huko ambako wakuu wa polisi, kupitia vyama vyao vya majimbo, huwaendea wabunge wakiwa na orodha ya mambo wanayoyataka: sheria, leseni za askari, mafunzo, na kupashana taarifa. Orodha hiyo inastahili kusomwa kwa makini, maana inaonyesha wakuu hao wanabanwa na nani, na wao wanambana nani.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba Marekani haina jeshi moja la polisi. Vipo vikosi vipatavyo 18,000: vya miji, vya wilaya, vya majimbo, vya vyuo vikuu, vya reli, na vya serikali kuu. Karibu nusu ya vikosi vya miji vina askari wasiozidi 10. Mkuu wa polisi wa mji huteuliwa na meya au halmashauri na anaweza kuondolewa wakati wowote. Sherifu wa wilaya, katika majimbo mengi, huchaguliwa kwa kura. Serikali ya Washington haina amri ya moja kwa moja juu yao. Kwa hiyo anayetaka kubadili mwenendo wa polisi hana mlango mmoja wa kubisha. Ana milango 50 ya mabunge ya majimbo, na nyuma ya kila mlango wako watu watatu wanaovutana: wakuu wa polisi, vyama vya wafanyakazi wa polisi, na raia waliopoteza ndugu zao.

Leseni ya askari si wazo jipya. California na New York ziliunda vyombo vya kusimamia viwango vya polisi mwaka 1959. Mwaka 1967 tume iliyoteuliwa na Rais Lyndon Johnson ilipendekeza kila jimbo liwe na kamisheni ya aina hiyo. Kamisheni hizo zilianza kwa kuweka masharti ya kuingia kazini: umri, elimu, saa za mafunzo. Aliyetimiza masharti alipewa hati. Lakini kutoa hati ni kazi rahisi. Kuifuta ndiko kwenye ugomvi. Mwaka 2020, polisi alipomuua George Floyd huko Minneapolis tarehe 25 Mei, majimbo ya California, Massachusetts, New Jersey na Rhode Island yalikuwa bado hayana mamlaka ya kumfutia askari hati yake. Mfanyakazi wa saluni aliyemchoma mteja wake kwa dawa ya nywele angeweza kunyang'anywa leseni na jimbo la California. Askari aliyefukuzwa kwa kumpiga mahabusu aliweza kuomba kazi katika mji wa pili.

Hapa ndipo penye kiini cha suala, na inafaa tukae napo. Kwa nini mji uajiri askari aliyefukuzwa na mji mwingine? Wengi hujibu haraka kwamba polisi hulindana. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini halitoshi. Mji mdogo hauna fedha. Kumchukua kuruti, kumlipa mshahara miezi kadhaa akiwa chuoni, kumpa mkufunzi wa kutembea naye mtaani, kisha kumwona akihamia mji mkubwa wenye mshahara mnono, ni hasara ambayo halmashauri ya mji wa watu 3,000 haiwezi kuimudu. Askari mwenye hati tayari, hata kama jina lake lina doa, anaweza kuvaa sare wiki ijayo. Ni soko la kazi, nalo lina bei nafuu kwa bidhaa mbovu. Wanasheria Ben Grunwald na John Rappaport walichunguza kumbukumbu za jimbo la Florida za miaka 30, askari wapatao 98,000 katika vikosi karibu 500, na kutoa matokeo yao mwaka 2020. Walikuta kwamba katika mwaka wowote ule, askari karibu 1,100 waliokuwa kazini Florida walikuwa wamewahi kufukuzwa mahali pengine, yaani kiasi cha 3 kwa kila 100. Askari hao walielekea kuangukia kwenye vikosi vidogo, vyenye fedha chache, na katika maeneo yenye idadi kubwa kidogo ya watu weusi na wengine wasio wazungu. Tena walielekea zaidi kuliko wenzao kufukuzwa mara ya pili.

Msomaji aangalie jambo moja hapo. Florida ni miongoni mwa majimbo yenye kumbukumbu nzuri na yenye kufuta hati kwa wingi. Uchunguzi ule uliwezekana kwa sababu habari zilikuwapo. Basi upungufu wa habari peke yake si chanzo cha maradhi haya. Wapo waajiri wanaozijua habari na bado wanaajiri.

Cleveland, katika jimbo la Ohio, ni mfano wa upande wa pili, wa mwajiri asiyetazama. Askari mmoja kijana alijiuzulu kutoka kikosi cha mji jirani wa Independence mwaka 2012, baada ya mkubwa wake kuandika kwamba hafai, kwa kuwa alishindwa kujimudu wakati wa mafunzo ya shabaha. Mwaka 2014 Cleveland ilimwajiri bila kulisoma jalada lake la Independence. Tarehe 22 Novemba mwaka huo alimpiga risasi Tamir Rice, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa na bastola ya bandia, sekunde chache baada ya gari la polisi kufika. Hakushtakiwa. Alifukuzwa mwaka 2017, si kwa kuua, bali kwa kutosema kweli katika fomu ya kuombea kazi.

Sasa, wakuu wa polisi wanataka nini? Wengi wao wanataka leseni inayoweza kufutwa. Jambo hili huwashangaza wanafunzi wanaodhani kwamba polisi wote, mkubwa na mdogo, wana msimamo mmoja. Mkuu wa polisi anaweza kumfukuza askari, halafu chama cha askari huyo kikapeleka shauri kwa msuluhishi chini ya mkataba wa kazi, na msuluhishi akaamuru arudishwe. Gazeti la Washington Post lilihesabu mwaka 2017 kwamba vikosi vikubwa vya nchi hiyo vilikuwa vimefukuza askari wasiopungua 1,881 tangu mwaka 2006, na vikalazimishwa kuwarudisha kazini zaidi ya 450. Kwa mkuu wa namna hiyo, kamisheni ya jimbo ni msaada. Ikifuta leseni, msuluhishi hana la kumrudisha, kwa kuwa mtu asiye na leseni hawezi kuwa askari mahali popote katika jimbo.

Vyama vya askari navyo vina hoja isiyopuuzwa. Mfanyakazi ana haki ya kujua shtaka lake, kujitetea, na kutofukuzwa kwa sababu amemuudhi meya. Maryland ilitunga mwaka 1974 sheria ya haki za askari polisi, na majimbo mengine yakaifuata. Shida ni kwamba kinga iliyobuniwa kumlinda mfanyakazi dhidi ya mwajiri ilitumika kumlinda mwenye bunduki dhidi ya raia. Askari ni mfanyakazi na papo hapo ni mkono wa dola. Sheria inayoona upande mmoja tu itapinda. Maryland yenyewe iliifuta sheria yake mwaka 2021.

Wakuu hawa lakini wasifanywe mashujaa. Wanapounga mkono leseni, mara nyingi hudai kamisheni ijazwe watu wa polisi, na hupinga kuguswa kwa ile kanuni ya mahakama inayowakinga askari wasishtakiwe kwa madai ya fidia. Wanataka fimbo ya kumchapa askari wa chini, ila hawapendi iwe mikononi mwa raia. Bunge la Massachusetts lilikataa hilo. Sheria iliyotiwa saini tarehe 31 Desemba 2020 iliunda kamisheni ya watu 9, wengi wao si polisi, na kila askari hupaswa kuhuisha hati yake kila baada ya miaka 3. California ilifuata kwa sheria iliyotiwa saini Septemba 2021, ikipewa jina la Kenneth Ross Jr., kijana mweusi aliyeuawa na polisi huko Gardena mwaka 2018. Sheria hiyo inataja makosa yanayoweza kumpotezea askari hati: udanganyifu, matumizi mabaya ya madaraka, ukatili, ubaguzi, kutomzuia mwenzake anayetumia nguvu kupita kiasi. Lakini kifungu chenye meno kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni kile kinachoonekana kidogo: kikosi ni lazima kimalize uchunguzi hata kama askari amejiuzulu. Kabla ya hapo kujiuzulu kulikuwa ndiko kutoroka. Jalada lilifungwa, hatia haikuandikwa, na mtu akaondoka na barua safi. New Jersey nayo ilipitisha sheria ya leseni mwaka 2022, ikaanza kazi mwaka 2024.

Kuhusu mafunzo sitasema mengi, maana ni eneo ambalo kila upande hulikubali kwa mdomo. California hudai saa zisizopungua 664 za mafunzo ya msingi kwa askari. Kinyozi wa jimbo hilo hilo alidaiwa saa 1,500 hadi mwishoni mwa mwaka 2021, kisha zikapunguzwa kuwa 1,000. Kwa nchi nzima, takwimu za serikali za mwaka 2018 zilionyesha wastani wa saa zaidi ya 800 chuoni, na kati ya hizo zaidi ya 70 zilikuwa za silaha za moto. Finland humfundisha askari kwa miaka 3. Wakuu wa polisi huomba fedha za mafunzo kila bajeti, na mabunge hupenda kuzitoa, kwa sababu mafunzo hayamkasirishi mtu. Ila askari hujifunza zaidi mtaani, kwa yule mkongwe aliyekaa naye ndani ya gari, kuliko darasani. Aliyemwekea George Floyd goti shingoni alikuwa mkufunzi wa askari wapya.

Tufike kwenye taarifa, ambako mambo yanajifunua zaidi. Mwaka ule ule wa 1967, tume ya Rais Johnson ilipopendekeza kamisheni za majimbo, shirika la upelelezi FBI lilifungua daftari la taifa la kompyuta la watu wanaotafutwa na mali iliyoibwa. Hadi leo askari wa kijiji cha Montana anaweza kuuliza namba ya gari na kujibiwa mara moja kama gari hilo liliibwa Florida. Kwa raia, basi, nchi ina kumbukumbu moja. Siku hizi zimeongezeka kamera za barabarani zinazosoma namba za magari na kuhifadhi zilikopita, na vikosi hupeana habari hizo kwa urahisi mkubwa. California ilipiga marufuku kuzipa mamlaka za nje ya jimbo kwa sheria ya mwaka 2015, na mwaka 2023 Mwanasheria Mkuu wa jimbo alibidi avikumbushe vikosi vyake kwamba sheria hiyo ipo.

Habari za askari hazina safari ya namna hiyo. Daftari la taifa la askari waliofutiwa hati huendeshwa na umoja wa wakurugenzi wa kamisheni za majimbo, na serikali kuu haimlazimishi mtu kuleta jina. Tena kila jimbo lina tafsiri yake ya kosa, hivyo kinachomwingiza mtu humo kutoka Georgia si lazima kimwingize kutoka jimbo jingine. FBI ilianza mwaka 2019 kukusanya taarifa za matumizi ya nguvu, nazo hutolewa kwa hiari. Hata hesabu ya uhalifu iliyumba: FBI ilipobadili mfumo wake mwaka 2021, zaidi ya theluthi moja ya vikosi havikuleta taarifa kwa mfumo huo mpya, vikiwamo vya New York na Los Angeles. Mwaka 2022 Rais Biden aliamuru kuundwa kwa daftari la mwenendo wa askari wa serikali kuu. Lilifunguliwa Desemba 2023. Amri hiyo ilifutwa na Rais Trump tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, na daftari likafungwa.

Sheria pana zaidi, iliyopewa jina la George Floyd, ambayo ingeweka daftari la taifa kwa polisi wote, ilipita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 2020 na tena 2021, ikakwama katika Seneti. Kazi imerudi kwenye mabunge ya majimbo, na huko wakuu wa polisi wanaendelea kuomba haki ya kulisoma jalada la mwombaji kazi kabla ya kumwajiri. Mahali ambapo sheria haijalazimisha hivyo, mkuu wa mji mdogo humpigia simu mkuu aliyemtangulia kumwajiri mtu huyo. Na huyo wa kwanza, ikiwa mji wake ulimaliza ugomvi na askari kwa mapatano ya siri, atamtajia tarehe aliyoanza kazi na tarehe aliyoacha, basi.