Kamera ya kuvaa kifuani: tuitengeneze wenyewe

Tukifikia mwaka wa mwisho, shida ni ile ile: data. Mwenye kuandika TFE juu ya uvuvi wa ndakala hapa Baraka anapanda mtumbwi usiku, taa zinawaka, wavu unavutwa, na mikono yake yote miwili iko kazini. Nani atapiga picha? Njo maana leo tuongee juu ya kamera ya kuvaa, ile inayojipigia picha yenyewe.

Wazo si jipya. SenseCam, kazi ya watafiti wa Microsoft kule Cambridge, ilining'inizwa shingoni, na madaktari waliijaribu kwa wagonjwa wenye kupoteza kumbukumbu. Kwetu Kongo, mwaka 2013, wahandisi wa Thérèse Izay walisimamisha Kinshasa roboti za kuongoza magari, zenye kamera na pano za jua. Sisi tunataka kitu kidogo tu.

Moyo wake ni bodi inayoitwa ESP32-CAM: urefu sentimita 4, uzito kama gramu 10, kamera ya megapikseli 2, na nafasi ya kadi ya memori. Bei kwa kawaida haifiki dola 10. Bodi yenyewe haina tundu la USB, kwa hiyo unatafuta kigeuzi cha kuingizia programu. Wakati wa kuingiza, unga IO0 na GND kwa waya, ukimaliza, toa. Wengi wanausahau ule waya, halafu wanasema bodi imekufa.

Penye kazi kweli ni umeme. Fungua batri ya orodinateri ya zamani. Mara nyingi si seli zote zimekufa. (Na kobalti iliyomo, pengine ilitoka Kolwezi. Imezunguka dunia, sasa imerudi kwetu kama takataka.) Seli ina volti 3.7, bodi inataka 5, basi weka kipandisha volti katikati. Kwa kuchaji tumia moduli ya TP4056 yenye ulinzi, isipite volti 4.2. Seli iliyobonyea au yenye kupata moto, achana nayo: hii kitu utaivaa kifuani!

Tupige hesabu. Seli ya mAh 2000, ukiondoa kinachopotea njiani, inabakiza kama mAh 1250 kwa volti 5. Bodi ikila mA 180 bila kupumzika, ni kama saa 7. Ukiipangia ilale na kuamka kila sekunde 30, inavuka usiku mzima. Picha 120 kwa saa hazijazi kadi ya GB 4. Ila ukiizima kabisa, saa yake inapotea. Kila unapoiwasha, ionyeshe kwanza kioo cha simu yako, ipige picha ya saa.

Kiboksi cha sabuni kinatosha kuifunika. Lakini usiifiche. Fizi tunaijua: bariyeri, watu wenye silaha, mashaka. Kamera iliyofichwa inakufanya mpelelezi kabla hujafungua kinywa. Mwonyeshe mwenye mtumbwi na chifu kabla ya kuondoka, andika KAMERA juu ya kiboksi, na ukikaribia askari itoe, uizime. Hata Kodi ya Dijitali ya 2023 inalinda data za mtu. Mvuvi akikataa, futa picha zake palepale, na yeye akiona.