Kadi Mpya, Kompyuta Nzito, na Diski Iliyotaka Kufutwa

Bi mmoja wa mtaani kwetu, hapa Mji wa Kale, Mombasa, alipotoka edani alikuwa na haja moja tu na kompyuta. Marehemu mumewe alikuwa na mazoea ya kujirekodi nyakati za jioni akiwahadithia wanawe ngano alizozipokea kwa bibi yake. Rekodi hizo, za miaka kumi na zaidi, zilikuwa katika diski ya kompyuta yake ya zamani, ambayo ubao wake mkuu ulikwisha kuungua. Diski yenyewe ilikuwa nzima, au ndivyo tulivyodhani sote. Ikatolewa, ikapelekwa kwa fundi ili itiwe katika kompyuta ya nyumbani, ile ambayo binti yake huifanyia kazi za chuo na yeye mwenyewe huandikia hesabu za keki anazoagizwa.

Kompyuta hiyo ni mojawapo ya zile ndogo za ofisini zilizotumika ng'ambo kabla ya kuletwa kwetu. Matundu yake ya kuungia diski yalikuwa mawili tu, nayo yalikwisha kujaa. Fundi akachomeka kadi ndogo ya PCI Express yenye matundu ya ziada, akaiunga diski ya marehemu kwenye kadi hiyo, akafunika kasha na kupokea ujira wake.

Tangu siku hiyo kompyuta ikawa nzito kuamka. Binti huiwasha, akaenda kutawadha, akasali, na arudipo huikuta skrini ingali nyeusi. Fundi alipopigiwa simu hakutaka hata kuiona. Alisema Windows imechoka, basi iletwe azifute diski zote mbili na kuanza upya. Usiku wa kuamkia siku ya kupelekwa, bi huyo alitujia.

"Wanangu," alisema, "mashine siifahamu, lakini kufuta nakufahamu."

Tukamwomba asiipeleke mpaka tuitazame.

Yafaa msomaji ajue kwanza kwamba kompyuta haiamki kwa hatua moja. Ukibonyeza swichi, Windows bado haijui lolote. Inayoamka mwanzo ni programu ndogo iliyomo katika ubao mkuu, iitwayo BIOS. Kazi yake ni kuhesabu vilivyomo ndani ya kasha: kumbukumbu, diski, kibodi, na kila kadi iliyochomekwa. Ikiisha kuridhika ndipo huikabidhi kazi Windows, nayo Windows huziamsha draiva za vifaa hivyo, kisha programu zako. Kwa hiyo anayesema "kompyuta inachelewa" hajasema kitu mpaka aseme inachelewa wapi. Ikiwa ucheleweshaji uko kwa BIOS, hata ungeifuta Windows mara saba, dakika zako hazitarudi.

Kupima hakuhitaji fundi, kwani saa ya simu yatosha. Pima tangu swichi hadi alama ya Windows itokee, kisha hadi mahali pa neno la siri, kisha hadi uweze kufungua faili. Windows za miaka ya karibuni nazo huweka hesabu yao wenyewe: fungua Task Manager, nenda kwenye ukurasa wa programu zinazoanza na kompyuta, na juu upande wa kulia katika mashine nyingi utaona maneno "Last BIOS time" na idadi ya sekunde. Ila pima baada ya kuchagua Restart. Mara nyingi Windows ikizimwa kwa njia ya kawaida huhifadhi sehemu ya hali yake ili iamke haraka, na kipimo hicho kitakudanganya.

Tulipopima, karibu muda wote ulipotea kabla ya alama ya Windows kuonekana. Windows yenyewe, masikini, haikuwa na kosa.

Hapo tukafanya jambo ambalo fundi angelifanya tangu siku ya kwanza: tuliitoa kadi. Tulizima, tukachomoa waya wa umeme ukutani, tukabonyeza swichi mara moja ili umeme uliosalia uishe, tukagusa chuma cha kasha, ndipo tukatia mkono. Bila kadi, kompyuta iliamka kwa sekunde 38. Tukairudisha kadi peke yake, bila diski: sekunde 52. Tukaiunga diski ya marehemu: dakika 4 na sekunde 10.

Sekunde kumi na nne za kadi zina maelezo mepesi. Kadi nyingi za namna hii hubeba programu yao ndogo, na BIOS huiendesha kila asubuhi ili kadi ipite tundu kwa tundu ikiuliza kama kuna diski ya kuamkia. Iwapo Windows yako haimo katika diski iliyoungwa kwenye kadi, ulizo hilo ni la bure, na katika BIOS nyingi waweza kulizima. Mashine za Dell hufunguliwa BIOS kwa kubonyeza F2 mara tu ziwashwapo, za HP kwa F10, za Lenovo mara nyingi kwa F1 au F2. Kabla ya kubadili chochote humo, piga picha ya kila ukurasa kwa simu yako. Tumeshuhudia watu wakibadili mambo matano kwa mpigo, kisha wasikumbuke hata moja.

Kwa wenye kadi za namna nyingine, mahali pa kutazama pamekaribiana na hapo. Aliyeongeza kadi ya mtandao wa waya na kuona skrini ikiandika PXE, ajue kompyuta yake inatafuta Windows mtandaoni kabla ya kuitafuta kwenye diski. Aizime njia hiyo au aiweke diski kwanza katika mpangilio wa kuamka. Aliyeongeza kadi ya USB achomoe flashi na diski za nje zilizosahauliwa nyuma ya kasha, kwani BIOS huenda inazikagua. Iwapo uzito unaanza baada ya alama ya Windows, hapo ndipo pa kuitilia shaka draiva: itafutwe ile ya mtengenezaji wa kadi, si ya tovuti yoyote inayojitokeza mbele. Na kompyuta ikichelewa mara moja tu, siku ile ile kadi ilipowekwa, usijitie homa, kwa kuwa huenda ilikuwa inavitambua vifaa vipya.

Sisi wa pwani tuna la ziada, nalo ni hewa ya chumvi. Meno ya kadi yakiingia weusi hayashiki vizuri. Kadi ikichomolewa, yafutwe taratibu kwa kitambaa laini na spiriti safi isiyo na rangi, yakauke kabisa, ndipo irudishwe.

Turejee kwa bi wetu. Zilibaki zaidi ya dakika tatu zilizoletwa na diski, na hapo ndipo tulipoanza kuwa na wasiwasi. Tulibadilisha waya wa data, kwa kuwa ndio wa bei ndogo na ndio huharibika upesi, haikufaa. Fundi alikuwa ameipa diski umeme kupitia waya wa kugawanya, nao ukipungukiwa diski huzunguka kwa shida. Tukaipa waya wake yenyewe, haikufaa. Binti ndiye aliyeinamisha sikio.

"Mama, inagonga," alisema.

Ilikuwa inagonga kweli, mgongo mdogo wa chuma, ikinyamaza kisha ikigonga tena. Windows ilipofunguka hatimaye tuliendesha CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma ripoti ambayo kila diski hujiandikia kuhusu afya yake. Diski ya kompyuta ilitokea kwa rangi ya buluu, maana yake salama. Ya marehemu ilitokea kwa njano, pamoja na hesabu ya sehemu zisizosomeka. Diski ya namna hiyo ikifika mahali palipoharibika hurudia kusoma mara nyingi kabla ya kukiri kwamba imeshindwa, na anayeiuliza hana budi kungoja. Kadi haikuwa imeiharibu kompyuta. Iliunga mgonjwa mahututi, na BIOS ikawa inamsubiri ajibu kila asubuhi.

Tulimweleza bi huyo kama ulivyo, bila kumpaka mafuta. Kila mara diski inapowashwa huenda ikawa ya mwisho. Akauliza kama iletwe Windows iikarabati, kwa kuwa skrini yenyewe ilikuwa imejitolea kufanya hivyo. Tukamkatalia. Ukarabati huo huenda ukaipitisha diski katika kila sehemu yake, nzima na mbovu, na hutengeneza orodha ya faili kwa kuandika juu ya diski ile ile inayokufa. Kwanza hunakiliwa vilivyomo. Mengine baadaye, kama yatahitajika tena.

Tuliazima kifaa cha kuungia diski kwa USB chenye adapta yake ya umeme, kwa kuwa diski kubwa za kompyuta za mezani hazitoshelezwi na umeme wa tundu la USB peke yake. Kadi tukaiondoa. Tukaiwasha kompyuta kwanza, ikaamka upesi kama zamani, ndipo tukaichomeka diski. Hatukufungua picha wala kusikiliza kitu. Tulichukua folda ya rekodi kabla ya nyingine yoyote, tukainakili kwa mafungu madogo ili fungu moja likikwama lisiyazuie mengine.

Tulianza baada ya isha. Mstari wa kijani ulikwenda, ukasimama, ukaenda. Bi alikaa juu ya mkeka na tasbihi yake, hakusema neno, na kila mstari uliposimama vidole vyake navyo vilisimama. Karibu na saa sita ya usiku zilikuwa zimetoka rekodi 207 kati ya 211. Nne zilikataa. Tuliizima diski ilale, na kesho yake asubuhi mbili katika zile nne zikakubali. Mbili hazikutoka mpaka leo, na diski sasa haionekani kabisa hata ichomekwe wapi.

Rekodi zimewekwa mahali patatu: katika kompyuta, katika flashi iliyomo sandukuni mwa bi, na katika diski ya nje iliyo kwa mwanawe wa kiume Malindi. Kadi imo katika droo, ndani ya karatasi yake. Binti anasema ataihitaji siku moja, nasi hatukumpinga, maana kadi ni nzima.

Bi hakutaka kusikiliza usiku ule. Alingoja siku ya pili, watoto wote walipofika, akaomba iwekwe ile ya mwanzo kabisa. Inaanza kwa kiti kuvutwa, na mtoto mmoja anakohoa, na marehemu anauliza nani hajala.