Mwanafunzi wa cherehani na amana ya kitambaa

Ijumaa ya leo tunaomba mturuhusu tuzungumzie cherehani, kwani hapa Picha ya Ndege, Kibaha, tumekaa nayo miezi kadhaa tukijifunza ushonaji ambao kwa mtazamaji ni kama mchezo, kumbe ndani yake mna mtihani wa subira na wa amana.

Ushonaji huo ni wa kuchora kwa sindano juu ya mfarishi, yaani tandiko la tabaka tatu: kitambaa cha juu, pamba au blanketi kuukuu katikati, na bitana chini. Katika ushonaji wa kawaida, meno yaliyo chini ya sindano ndiyo yanayoivuta nguo, nayo huenda moja kwa moja. Katika huu meno hushushwa, au hufunikwa kwa kibati iwapo cherehani haina namna ya kuyashusha, na hapo nguo haina wa kuipeleka ila mikono ya mshonaji. Akiizungusha, mshono nao unazunguka. Wadarizi wetu wanaochora maua kwenye mashuka na foronya kwa cherehani za kukanyaga wanaijua njia hii siku nyingi.

Uhuru huo ndio unaomwangusha mwanafunzi. Mguu ukikanyaga polepole na mikono ikaenda mbio, mishono hurefuka ovyo, na sindano hupinda hata ikavunjika. Mguu ukikimbia na mikono ikasita, uzi hurundikana mahali pamoja. Lakini lililotutesa kuliko yote lilikuwa jambo dogo. Tuliufungua mguu wa cherehani, tukaitia nguo kwenye duara la kudarizia, tukasahau kuteremsha wenzo wa mguu ule. Wenzo ukibaki juu, uzi wa juu hulegea, nao hujikusanya chini ya nguo kama kiota. Tuliulaumu uzi, tukamlaumu aliyetuuzia, hadi bibi mmoja wa jirani alipopita, akaushusha wenzo kwa kidole kimoja na kuendelea na safari yake.

Hayo yalikuwa yetu wenyewe. Kosa lilikuja pale jirani mwingine, aliyekuwa akitarajia mtoto, alipotuletea kitambaa cheupe kizuri tumshonee mfarishi. Tuliona haya kusema kwamba bado hatujui, tukakipokea. Jioni ile ile kiliharibika. Tulijaribu kufumua, na kila mshono uliofumuliwa ukaacha tundu lake.

Mwenyewe alisema, "Si neno." Je, neno hilo linatosha? Wanazuoni wa fiqhi wametofautiana tangu zamani juu ya dhamana ya fundi aliyekabidhiwa mali ya mtu ikaharibika mkononi mwake, na imepokewa kuwa Khalifa Ali (r.a.) alikuwa akiwalipisha mafundi. Kwa upande wetu hatukuona haja ya kujificha nyuma ya hitilafu hizo. Fundi bingwa huweza kupatwa na ajali, lakini sisi tulipokea kazi tusiyoiweza, na jirani yetu alisamehe kwa haya zaidi kuliko kwa kuridhika. Tulimnunulia kitambaa kingine.

Tangu siku hiyo tunajifunzia vipande vya kanga chakavu na shuka lililotoboka. Kwanza tunachora kwa kalamu kwenye karatasi, vitanzi vinavyofuatana bila kuinua mkono, mpaka njia yake iingie akilini. Kisha tunauvuta uzi wa chini uje juu ya nguo, tunapiga mishono michache papo hapo ili usifumuke, ndipo tunapoanza safari. Robo saa kila siku baada ya Alasiri imetufaa kuliko Jumamosi nzima ya kukunja uso. Kwa heshima ya jina la kata yetu tumejaribu pia kumchora ndege; hadi sasa anafanana zaidi na kuku aliyenyeshewa. Tukikata tamaa tunazikumbuka kofia za viua, zinazotobolewa na kuzungushiwa uzi kwa mkono, tundu moja baada ya jingine, kazi ya wiki nyingi kwa kofia moja.

Vitanzi vyetu vimeanza kulingana, ingawa kwenye kona bado vinabanana. Kitambaa kipya kimekunjwa kabatini, na mwenyewe tumemweleza ukweli kwamba hatujakigusa. Mtoto ameshaanza kutambaa.