Pesa ama mafunzo? Uzi kuhusu elimu ya familia na fungu la bajeti ambalo hakuna anayelitaja

Uzi huu ni wa wale wenzangu ambao mjadala wa runinga ukiisha saa nne usiku, mnahamia huku kubishana hadi saa nane. Sheria ni ile ile: hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Ukileta jina nitakupita tu.

Mada ya leo: nani anafaa kufunza familia mambo ya kulea watoto, kupanga pesa na kula vizuri, na nani alipe hiyo kazi?

Mjadala wenyewe mnaujua. Wa upande mmoja anasema shida ya mwananchi ni kutojua: anakopa kila mahali, mtoto anashinda na chai na mandazi, fimbo ndiyo mshauri wa nyumba. Wa upande wa pili anarusha jibu: utamfunza mtu kupika na sufuria haina kitu? Mpeni pesa! Ukumbi unapiga makofi, tunaenda matangazo, na sisi tunagawanyika kambi mbili, ya pesa na ya semina.

Mimi nasoma sayansi ya siasa, kwa hivyo nimezoea kuuliza swali moja linalokera watu: hiyo kitu iko kwa ukurasa gani wa bajeti? Na hapo ndipo kambi zote mbili hunyamaza.

Lakini kwanza tuone kama kuna shida kweli.

Pesa. Utafiti wa FinAccess wa 2024, unaofanywa na Benki Kuu, KNBS na FSD Kenya, ulipata kwamba asilimia 84.8 ya watu wazima wanatumia huduma rasmi za kifedha. Hapo tunajipiga kifua. Sasa shika hii nyingine: walio na afya ya kifedha, yaani mtu anayeweza kumaliza mwezi, kuhimili dharura na kuweka kitu cha kesho, ni asilimia 18.3. Milango ya kukopa imefunguka kwa karibu kila mtu, lakini wanaosimama imara hawafiki wawili kwa kila kumi. Sisemi pengo lote ni la elimu. Mapato madogo ni mapato madogo, hata ufunzwe na profesa. Ila mtu anayelipa mkopo wa simu kwa mkopo mwingine wa simu angefaidika na mtu wa kukaa naye chini na karatasi na kalamu.

Lishe. Takwimu za KDHS za 2022 zinaonyesha asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2014 ilikuwa 26, kwa hivyo tumepiga hatua, tusikatae. Lakini wastani wa nchi unaficha mengi. Kilifi ni asilimia 37, West Pokot 34. Kilifi ina bahari! Ndiyo, najua, Ganze si Malindi mjini, na mvua ikikosekana huko hakuna semina itakayoleta mahindi. Lakini pia kuna nyumba zenye kunde, mayai na samaki wadogo, na mtoto wa miezi minane bado anapewa uji mwepesi kama maji, kwa sababu ndivyo mama alivyoona ukifanywa. Uji wa aina hiyo unajaza tumbo na haujengi mwili. Kujua kwamba uji uwe mzito, uongezwe karanga zilizosagwa ama yai, ni elimu. Kuwa na hiyo karanga ni pesa. Mtoto anahitaji zote mbili siku hiyo hiyo.

Malezi. Utafiti wa kitaifa wa 2019 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulipata kwamba karibu nusu ya wanawake wa miaka 18 hadi 24, na zaidi ya nusu ya wanaume wa umri huo, walipitia ukatili wakiwa watoto. Tulitunga Sheria ya Watoto ya 2022, ni nzuri. Lakini mzazi aliyelelewa kwa kiboko akiambiwa tu "usichape", bila kuonyeshwa afanye nini badala yake, atachapa akiwa amefunga mlango.

Sasa hii ndiyo sehemu inayonifurahisha zaidi. Huo ubishi wa pesa ama mafunzo, hapa kwetu tayari kuna mpango ulioupita. Unaitwa NICHE. Ulianza Kitui kama majaribio, kisha ukapelekwa Kilifi, West Pokot, Turkana na Marsabit. Walichukua familia zilizokuwa tayari kwenye Inua Jamii, zile zinazopata shilingi 2,000 kwa mwezi, wakatafuta zenye mama mjamzito ama mtoto mdogo, wakaongeza pesa kidogo na kuongeza mtu wa kufika nyumbani kufunza lishe. Baadaye wakaingiza na malezi bora. Pesa na mafunzo kwa mlango mmoja. Ukisikia mtu kwenye jukwaa anakuambia uchague moja, muulize kama amesikia habari za Kitui.

Tatizo ni nani alikuwa anabeba gharama. Mpango ulipanuliwa kwa mradi uliotegemea Benki ya Dunia na wafadhili, na hiyo ndiyo hadithi ya karibu kila elimu ya familia nchini. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi ya lishe kaunti za kaskazini ilipigwa breki ghafla. Watu waliokuwa wanafunza akina mama wiki moja walikuwa nyumbani wiki iliyofuata. Hakuna MCA aliyepiga kura, hakuna gavana aliyetia saini. Uamuzi ulifanywa Washington na kikundi cha akina mama Isiolo kikakosa mwalimu.

Na ukidhani hii si kazi ya serikali zetu, fungua Katiba, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, kipengele cha 9. Kazi za kaunti: elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya kufunza ufundi wa nyumbani, na malezi ya watoto wadogo mchana. Narudia: vituo vya kufunza ufundi wa nyumbani. Viko kwa Katiba tangu 2010! Chekechea tunaiona, vyuo vya ufundi tunaviona. Hicho cha tatu, hebu nionyesheni kilipo wodi yenu. Ongeza kwamba afya ya msingi na kilimo pia ni za kaunti, utaona elimu ya familia imezungukwa na mamlaka ya kaunti pande zote.

Kwa nini basi hawaifanyi? Watu hudhani ni roho mbaya. Mimi naona ni hesabu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Kanuni zake za 2015 zinasema mishahara isipite asilimia 35 ya mapato. Ukijenga ukumbi wa jamii, hayo ni maendeleo: kuna kandarasi, kuna utepe wa kukata, kuna picha. Ukiajiri mtu wa kufunza ndani ya ukumbi huo, huyo ni mshahara, na anakusogeza karibu na ukomo wa sheria. Kwa hivyo tunapata kumbi zilizofungwa kufuli. Sheria yenyewe haina ubaya, iliwekwa kuzuia pesa zote kuliwa na mishahara. Lakini katika hesabu hiyo jengo linaitwa maendeleo, na mtu anayebadilisha jinsi mtoto anavyolishwa anaitwa matumizi ya kawaida.

Jaribio kubwa zaidi la kutoka hapo ni wahamasishaji wa afya ya jamii, wale wenye mikoba na simu waliozinduliwa Septemba 2023. Ni kama 100,000 nchi nzima, kila mmoja na kaya 100 hivi. Mpango ulikuwa wapate shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Hawa ndio wanaofika mlangoni. Wanapima mkono wa mtoto kwa ule utepe wa rangi tatu, wanaongea na mama kuhusu kunyonyesha, na wakiingia nyumba wanaona kama kuna vita.

Shangazi yangu ni mmoja wao, kaunti sitaitaja. Ananiambia swali la kwanza analoulizwa kwa kila boma ni "umetuletea nini leo?" Yeye mwenyewe kuna wakati amekaa miezi bila nusu ya kaunti, anatembea kwa viatu vilivyoisha kumwambia mama mwingine anunue mayai. Analicheka hilo. Mimi silicheki, kwa sababu ni uamuzi wa bajeti, na uamuzi wa bajeti una tarehe na una mtu aliyeufanya.

Kitu kingine kidogo kabla sijamaliza. Upande wa pesa, shule tayari tunayo, inaitwa chama. Wanakutana wenyewe, wana mweka hazina, wana faini ya kuchelewa, na hakuna aliyewalipa posho wala soda. Kama kaunti ina afisa mmoja wa ushirika mwenye pikipiki na mafuta, anaweza kupitia vyama kumi kwa wiki kueleza riba inavyohesabiwa. Hiyo ni bei ndogo kuliko semina moja ya hoteli. Nashangaa haiko kwa manifesto yoyote ninayosoma.

Sasa tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Mkakati wa fedha, 28 Februari. Makadirio ya bajeti, 30 Aprili. Ushirikishwaji wa umma ni haki yako, Kifungu cha 201 cha Katiba kinausema waziwazi. Ukienda, usiulize "mtafanyia nini familia?" Utapewa hotuba. Uliza: posho ya wahamasishaji ya mwaka huu ni kiasi gani, na ya mwaka jana ililipwa miezi mingapi? Afisa wa lishe wa kaunti ndogo yetu analipwa na kaunti ama na mfadhili? Mfadhili akitoka, fungu gani linachukua nafasi yake? Ule ukumbi wetu, nani ana ufunguo?

Nimeanza kukusanya makadirio ya kaunti mbalimbali, kurasa za afya na za huduma za jamii tu. Ukipata ya kwenu, piga picha iweke hapa chini, na useme ni ya mwaka gani wa fedha.