Maziwa Hayana Maji, Mpira Ndio Unayo

Msomaji wa Ndanai anauliza: mbona anayefika wa kwanza asubuhi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa ndiye huambiwa ametia maji kwenye maziwa, ilhali wa kumi hana neno? Jinsi mashine ya kituoni inavyoyapima maziwa kwa mawimbi ya sauti nitairuka. Mwizi wetu yumo kwenye ule mpira mwembamba unaovuta maziwa.

Majimaji yakipita ndani ya mpira, tabaka linalogusa ukuta halisogei. Mbio ziko katikati tu. Karani akishasuuza mashine, maji hubaki ukutani na kwenye mikunjo. Sasa mashine ikivuta mililita 20 za maziwa zikakutana na mililita moja ya maji, mkulima wa kwanza anasomewa karibu asilimia 5 ya maji ambayo hakuyatia yeye.

Jioni mambo hugeuka: kinachobaki ukutani ni maziwa. Bakteria hujishikiza hapo, hutoa ute, na ute ukikomaa huwa utando ambao sabuni hupita juu yake tu. Wakipsigis wanalijua hili kwa sotet, kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya mgando. Hakuna mama anayezungusha maji ndani ya sotet akaridhika. Huingiza sosiot, ile brashi ndefu ya mti, akakwangua ukuta kuanzia shingoni hadi kitakoni, ndipo alete kaa la moto la mti wa senetwet. Ule mkwaruzo ndio unaovunja tabaka lililogoma kusogea. Maji peke yake yangeingia na kutoka kama mgeni asiyevua viatu.

Ndani ya mpira sosiot haipiti, basi dawa hufanya kazi ya brashi. Yaanze maji ya uvuguvugu, nyuzi 40 hivi, yayeyushe mafuta. Yanayochemka huipika protini ikagandamana ukutani. Ifuate dawa ya alkali, na mara mojamoja asidi, ya kung'oa gamba jeupe la kalisi. Kisha inua mpira kwenye mwanga. Ukiwa umefifia, unanata au una ufa, ubadilishwe: ufa huvuta hewa, na mapovu huvuruga ile sauti ya kupimia.

Nawe uliye wa kwanza kwenye foleni, usigombane na karani. Mwombe amwage sampuli ya kwanza, avute nyingine kutoka mtungi uleule. Hiyo ya pili ndiyo ya kuandikwa kitabuni.