Mvua ya Kutosha, Mahindi Mapengo

Msimu ukiisha, swali la kwanza huwa mvua imenyesha milimita ngapi. Kwa mahindi, swali hilo halitoshi. Dodoma hupata takriban milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kiasi hicho kingekomaza mbegu ya muda mfupi kama kingegawanyika vizuri, lakini Februari mara nyingi mvua hukatika, na mahindi mengi huwa ndiyo kwanza yanachanua.

Jua kali likiyakuta mahindi yakiwa bado machanga, hayataangamia. Mengi hujikongoja mpaka mvua nyingine. Likiyakuta yanachanua, ni balaa. Mbelewele humwaga chavua kwa muda wa wiki moja hivi. Chini yake, kila unywele unaochomoza kwenye hindi ni njia ya kuelekea punje moja. Usipopata chavua, punje hiyo haipo. Nywele hurefuka kwa nguvu ya maji, hivyo kiu huzichelewesha kuliko mbelewele. Zinapotoka, chavua imekwisha. Mvua ya Machi itarudisha ukijani na mpita njia atalisifu shamba, kumbe ndani ya maganda ni mapengo matupu.

Mtama una subira. Majani yake yana nta, hujikunja jua likizidi, na mmea waweza kusimama kukua kisha ukaendelea mvua ikirudi. Kwa maoni yangu, anayeng'ang'ania mahindi peke yake Dodoma anafuata ladha kuliko kilimo. Simlaumu: nami napenda ugali mweupe.

Mvua ikizidi nayo huharibu. Huizamisha naitrojeni chini ya mizizi, majani yakawa manjano. Ikinyesha wakati wa kuvuna, ukungu hushika na sumukuvu hufuata.

Halafu kuna maji yanayopotea. Milimita 1 kwenye ekari ni kama lita 4,000, kwa hiyo mvua ya milimita 40 ya alasiri moja humwaga lita 160,000. Udongo ulioshindiliwa hauwahi kuzinywa. Nyingi huishia korongoni. Ndiyo maana navipenda vishimo vya Chololo, vilivyopata jina kutokana na kijiji cha Chololo huko Dodoma: huchimbwa kwa mistari inayokinga mteremko, kina chake kama sentimita 30, hutiwa samadi, na mbegu hupandwa humohumo. Unyevu unaobaki huuvusha mmea siku kadhaa za jua, na Februari siku chache tu hutosha nywele kutoka chavua ingali inamwagika.