Bendi ya tarumbeta iliyoyapa sauti maandamano ya San Francisco

KILA mwezi Juni, jiji la San Francisco nchini Marekani huwa na maandamano na tamasha la kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja. Vikundi vya muziki hutumbuiza jukwaani karibu na makao ya serikali ya jiji, lakini wapo wanamuziki wanaopiga ala zao wakitembea katika barabara ya Market. Historia ya bendi hiyo ya tarumbeta na ngoma yaeleza ni kwa nini muziki umepewa nafasi kubwa katika hafla za aina hii.

Bendi hiyo iliasisiwa mwaka wa 1978 na Jon Sims, mwalimu wa muziki mwenye asili ya jimbo la Kansas. Nyakati hizo zilikuwa ngumu. Mnamo 1977, mwimbaji Anita Bryant aliongoza kampeni iliyowashawishi wapiga kura wa kaunti ya Dade, Florida, kufutilia mbali sheria iliyowakinga watu hao dhidi ya ubaguzi. Mwaka uliofuata, seneta John Briggs alitaka wakazi wa California wapige kura ili wapenzi wa jinsia moja wazuiwe kufundisha katika shule za umma.

Kwa hivyo, kuvaa sare na kupuliza tarumbeta mchana, mbele ya umati na kamera, hakukuwa burudani tu. Jina lenyewe la bendi lilitangaza wanachama wake ni akina nani. Aliyejiunga nayo alijua kwamba mwajiri, jirani au jamaa yake angeweza kumtambua.

Uteuzi wa ala nao ulikuwa na maana. Tarumbeta na ngoma husikika mbali bila umeme, na mdundo wake huwafanya watu wengi watembee kwa hatua moja. Aidha, bendi za namna hiyo ni sehemu ya maisha ya shule za upili na miji midogo ya Marekani. Wengi walikuwa wamejifunza ala hizo wakiwa wanafunzi, wakaziweka kando ukubwani. Mtazamaji aliyedhani anawaona wageni alisikia muziki uleule aliouzoea katika sherehe za mji wake.

Bendi ilijitokeza katika maandamano ya Juni 25, 1978, siku ambayo bendera ya upinde wa mvua iliyobuniwa na Gilbert Baker ilipandishwa kwa mara ya kwanza. Miongoni mwa walioandamana alikuwemo Harvey Milk, mwanachama wa baraza la jiji ambaye hakuficha kuwa ni mpenzi wa jinsia moja. Pendekezo la Briggs lilikataliwa na wapiga kura Novemba 7 mwaka huo.

Furaha hiyo haikudumu. Mnamo Novemba 27, Milk na Meya George Moscone waliuawa kwa kupigwa risasi na Dan White, aliyekuwa mwanachama wa baraza hilo. Usiku huo maelfu ya waombolezaji walibeba mishumaa hadi makao ya serikali ya jiji. Kwaya ya wanaume ambayo pia Sims aliianzisha, na ambayo haikuwa imetimiza mwezi mmoja wa mazoezi, iliimba hadharani kwa mara ya kwanza kwenye ngazi za jengo hilo. Muziki ulioanzishwa kwa ajili ya sherehe ukawa wa kufariji.

Mfano huo uliigwa Los Angeles, New York na kwingineko, na mnamo 1982 bendi hizo ziliunda muungano wao. Sims mwenyewe alifariki mwaka wa 1984 kutokana na Ukimwi, maradhi yaliyowaangamiza wanamuziki wengi wa kizazi chake.

Bendi aliyoiacha haikuvunjika. Mnamo 2018, miaka 40 baada ya kuasisiwa, ilitambuliwa kuwa bendi rasmi ya jiji la San Francisco.